Kubadili Neno

Swali ninalotaka kulichungua hapa si jipya duniani, ijapokuwa jambo lililolizusha ni la juzi. Mwenye mamlaka akiwaambia watu leo kwamba kitu fulani hakifai kushikwa, na kesho akasikika akihimiza maandalizi ya kukipokea, je, neno lake la kwanza lilikuwa uongo? Na kama halikuwa uongo, mtu aliyelitii akapata hasara kwa utii wake anadai nini, na anamdai nani?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Niliulizwa na mpwa wangu, mkulima wa pamba, tukiwa tumeketi kivulini Somanda, mjini Bariadi, katika msimu wa kuuza pamba wa mwaka 2021. Kwa ajili ya msomaji asiyepajua mahali hapo, Somanda ni kata ya mji wa Bariadi, na Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kukatwa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya mbuga, ya ng'ombe na ya pamba. Walio mbali hulijua jina la Somanda kwa sababu ya hospitali. Walio karibu hulijua kwa sababu ndiko waliko ndugu zao.

Yafaa kueleza kwanza jinsi fedha inavyoishi katika nchi ya pamba, maana asiyejua hilo atamwona mpwa wangu kuwa ni mtu mwenye tamaa tu. Mwenye mshahara hupata fedha mara 12 kwa mwaka. Mkulima wa pamba huipata mara moja. Hulima na kupanda mvua zinapoanza, hupalilia, hupiga dawa, huchuma, kisha kuanzia mwezi wa Mei au Juni hupeleka mzigo wake kwenye mizani. Siku ile ya mizani ndiyo siku yake ya mwaka mzima. Baada ya hapo shughuli yake kubwa si kupata fedha bali kuihifadhi. Akiitia katika ng'ombe, aogope kiangazi na maradhi. Akiitia katika nafaka, aogope wadudu na kuanguka kwa bei. Akiiweka ndani, aogope moto, mwizi, na jamaa mwenye shida. Akiipeleka benki, huikuta imetimia kwa hesabu lakini imepungua kwa nguvu, kwani mfuko wa mbolea haukumsubiri. Mtu aliye katika hali hii si mvivu anayetafuta utajiri wa usiku mmoja. Anatafuta mahali pa kuweka jasho lake lisikauke.

Ndipo lilipomfikia, kwa njia ya simu, jina la Bitcoin. Sarafu hiyo, ambayo ndiyo ya kwanza katika ukoo wake, ilianza Januari 2009. Haipigwi kwa shaba wala haichapwi karatasini. Ni hesabu iliyoandikwa katika daftari moja, na daftari hilo hunakiliwa katika kompyuta nyingi za watu wasiojuana, hata asiweze mmoja wao kufuta mstari pasipo wengine kumkana. Haina serikali nyuma yake. Idadi yake imewekewa mpaka wa milioni 21, wala hakuna waziri awezaye kuamuru iongezwe. Aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo hakuna aliyethibitika kuwa ndiye mwenye jina hilo. Wanaoisifu husema ubora wake ni huu: ni fedha isiyohitaji neno la mtu yeyote. Naomba msomaji aikumbuke sifa hiyo, kwa sababu nitaijia tena.

Mwezi wa Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma. Ilisema kwamba fedha halali ya nchi ni shilingi ya Tanzania peke yake, na kwamba kufanya biashara ya sarafu hizi, kuzitangaza na kuzitumia ni kwenda kinyume cha kanuni za fedha za kigeni, ikawaonya wananchi. Taarifa ilikuwa fupi na haikuacha ufa. Mpwa wangu aliisoma katika simu yake akanipigia. Mimi ni mwalimu, na walimu tuna ugonjwa wa kupenda kilichoandikwa. Nikamwambia, "Tii." Akatii. Rafiki yake, waliyekua pamoja na kucheza ngoma pamoja, hakutii.

Mwezi ule sarafu moja ilikuwa ikiuzwa kiasi cha dola 8,000 au 9,000 za Marekani. Kufikia Juni 2021 ilikuwa imepita dola 30,000. Mtu hahitaji kuwa mwanahesabu ili kuona nini kilichotokea kati ya marafiki wawili hawa. Mmoja alinunua vipande vidogo vya sarafu akajenga nyumba ya bati. Mwingine alihifadhi fedha yake kwa utii, akanunua mbuzi.

Kisha, tarehe 13 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Mwanza kufungua jengo la tawi la Benki Kuu. Katika hotuba yake alitaja mambo mapya yanayoinuka duniani kwa njia ya mtandao, zikiwemo sarafu hizi. Alikiri kwamba nchi nyingi, na yetu ikiwa mojawapo, hazijazikubali wala kuanza kuzitumia. Lakini aliitaka Benki Kuu ianze kulifanyia kazi jambo hilo, mabadiliko yasije yakaikuta haijajiandaa. Habari ikaenda dunia nzima kabla ya jua kuchwa. Siku chache baadaye ndipo nikawa Somanda, na ndipo mpwa wangu akaniuliza swali lililozaa insha hii. Alisema, "Mjomba, mimi nilitii neno lipi? Lile lilikuwa kweli, au lilikuwa la muda tu?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa baya, nami nitalieleza kwa aibu yangu. Nilimwambia kwamba naona mlango umefunguliwa.

Sasa nimepata miaka ya kufikiri, na kitu cha kwanza ninachokiona ni kwamba yale maneno mawili hayakusemwa kwa msikilizaji mmoja. Taarifa ya 2019 iliambiwa umma: ninyi, msifanye. Hotuba ya 2021 iliambiwa Benki: wewe, jiandae. Mkulima hakuambiwa kitu katika neno la pili. Alilisikia kwa pembeni, kama mtoto anayesikia wazee wakijadiliana mahari ukumbini akatoka nje kutangaza kwamba harusi ni kesho. Ukiyashika maneno hayo kwa usawa wake, hayapingani. Mtu aweza kuwaambia watoto wasivuke mto, na papo hapo akamwambia fundi apime mahali pa kujenga daraja. Agizo kwa fundi haliwapi watoto ruhusa ya kuingia majini.

Hata hivyo sithubutu kuishia hapo, kwa sababu hoja hii ni nzuri mno kwa mwenye mamlaka. Anayesema juu ya jukwaa mbele ya redio na kamera anajua kwamba hasikiki na yule aliyemtaja peke yake. Baba akimwambia fundi habari ya daraja kwa sauti ya kusikika na watoto, yampasa ageuke awaambie na watoto: bado. Neno hilo dogo, "bado", ndilo lililokosa wa kulisema kwa sauti iliyolingana na ile ya kwanza. Mimi niliyekuwa karibu na mtoto sikulisema. Nilifanya neno "jiandaeni" kuwa neno "ingieni".

Haikupita muda akatokea mtu wa mjini, mwenye maneno laini, aliyewaambia vijana kwamba serikali imekwisha kukubali. Ushahidi ni hotuba, na hotuba anayo katika simu yake. Akawaonyesha. Alichukua fedha za pamba za watu kadhaa ati azinunulie sarafu, akawafungulia kurasa zenye tarakimu zilizopanda kila asubuhi. Mpwa wangu alimpa karibu yote ya msimu ule. Kwa miezi michache tarakimu zilipanda. Kisha kurasa hazikufunguka, na namba ya simu haikupatikana. Wala sidhani kwamba sarafu hata moja ilipata kununuliwa. Hasara yake basi haikutoka kwa Bitcoin. Ilitoka katika nafasi iliyobaki wazi kati ya "msifanye" na "jiandae", ambamo hapana sheria, hapana leseni, hapana pa kushtaki. Maana ukienda kulalamika, swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini ulifanya jambo uliloonywa.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ile sifa ya fedha isiyohitaji neno la mtu. Daftari lile la kompyuta huenda ni kweli halihitaji neno la mtu. Lakini kati ya daftari na mkulima wa Somanda pana watu, na kila mmoja wao ana neno lake. Aliyekimbia neno la Benki hakufika mahali pasipo neno; alifika mikononi mwa neno lisilo na anwani. Wala haya si ya watu wa mbugani tu. Novemba 2022 ilianguka FTX, kampuni kubwa ya kubadilishana sarafu hizi, na walioumia walikuwemo wasomi na matajiri wa miji mikubwa ya dunia. Mwezi huohuo Bitcoin yenyewe, iliyokaribia dola 69,000 mwaka mmoja kabla, ilishuka chini ya dola 16,000. Rafiki wa mpwa wangu, yule asiyetii, alinyamaza kwa muda mrefu. Sikumfurahia kwa hilo.

Lakini je, fedha yetu ya kawaida ni nini ila neno? Wazee wa bara walitumia simbi, na simbi ilikuwa fedha maadamu watu waliikubali. Wajerumani walileta rupia na kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898, na kodi hiyo ndiyo iliyowasukuma watu wengi watafute fedha ya serikali wasiyoihitaji kwa jambo lingine. Serikali isipoipokea simbi katika kodi, simbi hugeuka pambo. Katika vita, njia za bahari zilipokatika, Wajerumani wakapiga sarafu zao Tabora mwaka 1916, wakachapa na noti za dharura kwa karatasi duni. Serikali iliyozitoa ilipoanguka, na thamani ya noti zile ikaanguka pamoja nayo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ikaanzishwa mwaka 1919, ikatuletea shilingi iliyolindwa London. Juni 1965 nchi zetu tatu zikatangaza kwamba kila moja itakuwa na benki kuu yake, na ya kwetu ikafungua milango Juni 1966. Mtu aliyezaliwa zama za Wajerumani akaishi mpaka uzeeni aliona neno la fedha likibadilishwa mara nne au tano katika uhai wake, na kila mara aliambiwa kwamba hili jipya ndilo la kweli.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kubadili neno ni kosa kwa nafsi yake. Neno la mwenye mamlaka kuhusu fedha si kama neno kuhusu mwendo wa jua. Ni agizo linalotegemea hali, na hali hubadilika. Nigeria ilizikataza benki zake kuwahudumia wafanyabiashara wa sarafu hizi Februari 2021, ikaliondoa katazo hilo Desemba 2023. El Salvador iliwalazimisha wenye maduka kuipokea Bitcoin tangu Septemba 2021, kisha mwanzoni mwa 2025 ikaliondoa lazima hilo. Mmoja alitoka kwenye katazo, mwingine alitoka kwenye lazima, nao wakakaribiana katikati. Asiyebadilika katika jambo ambalo halijajulikana vizuri si mwenye msimamo. Ni mwenye kuziba masikio.

Tena kuna mfano wa karibu zaidi wa mamlaka iliyokubali kitu kabla ya kukitungia sheria, na mambo yakaenda vizuri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Benki Kuu ya Kenya haikuikataza kwa kuwa haimo katika vitabu, wala haikuiacha ijiendee. Iliitazama, ikaruhusu, ikaendelea kuitazama. Sheria ya mifumo ya malipo ikaja mwaka 2011. Kwetu huduma kama hiyo ilianza 2008, na sheria yake ikapatikana 2015. Leo mpwa wangu hupokea na kutuma fedha kwa simu bila kuuliza swali la falsafa. Lakini wanaotaka sarafu za mtandaoni zipokewe vivyo hivyo husahau tofauti moja kubwa. Fedha iliyo katika simu ni shilingi ileile, imewekwa benki, na kampuni inayoisimamia ina mlango unaoweza kugongwa. Benki Kuu ya Kenya ilimruhusu mtu inayemjua. Katika hili jingine, wa kuruhusiwa ni nani?

Nadhani kosa, kama lipo, halimo katika kugeuka bali katika namna ya kugeuka. Januari 2023 Benki Kuu ya Tanzania ilieleza hatua iliyofikia. Ilikuwa imefanya utafiti, na imeona iende kwa awamu na kwa tahadhari katika habari ya fedha ya kidijiti ya benki kuu yenyewe. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, na nautaja kwa heshima. Lakini angalia jambo lililotukia njiani. Hotuba ya 2021 ilikuwa imesikika kama inazungumzia Bitcoin. Jibu la 2023 lilihusu shilingi ya kidijiti, kitu ambacho kitatolewa na Benki na kitabeba neno la Benki. Ni vitu viwili vinavyofanana umbo tu, kama nyoka na kamba gizani. Wasomi walitambua tofauti. Somanda niliulizwa mara nyingi kama "ile ya serikali" imekwisha kutoka, na waulizaji walikuwa wanamaanisha ile ya yule mtu wa maneno laini.

Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2024. Kuanzia Julai mwaka huo, malipo yanayotokana na kuhamisha au kubadilishana mali za kidijiti yalianza kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 3. Sheria hiyo haikusema kwamba sarafu hizi zimekuwa fedha halali. Ilizitaja kama mali, ikachukua sehemu. Mwanasheria atasema hapana ajabu: kodi hufuata pato, nayo haitoi baraka kwa chanzo cha pato. Ni kweli. Na tuliokumbuka habari ya simbi na rupia twaweza kuongeza kwamba kutoza kodi juu ya kitu si sawa na kupokea kodi kwa kitu hicho. Serikali inapoitoza Bitcoin, inadai shilingi. Haikuifanya Bitcoin kuwa fedha. Imethibitisha tu kwamba fedha ni shilingi.

Hoja hiyo naikubali kwa akili yangu, lakini sioni jinsi ya kumfikishia mkulima asione kitu kingine. Kwa mwananchi, kupokea ni kukiri. Ukimkataza mwanao kuvua katika bwawa, kisha kila jioni ukapokea samaki mmoja katika kila thelathini na tatu anaovua, huwezi kumwambia tena kwamba katazo lako lilikuwa la dhati. Na siku akizama, watu hawatauliza sheria ilisemaje, watauliza nani alikula samaki. Anayechukua fungu la faida ameingia katika jambo kwa kiasi cha fungu lake, naye ana wajibu wa kiasi hichohicho wa kuwalinda waliomo. Huu ndio msimamo wangu, na sidhani kwamba ni msimamo mkali. Kodi ikitangulia, ulinzi haufai kuchelewa sana nyuma yake.

Kenya ilipita njia hiyohiyo kwa mwendo wake. Ilionya mwaka 2015. Ikatoza asilimia 3 mwaka 2023. Ikaifuta kodi hiyo mwaka 2025, ikatoza ushuru juu ya ada za watoa huduma badala yake. Na Oktoba 2025 ikapata sheria inayowataka watoa huduma hao wawe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kutoka onyo mpaka leseni ni miaka 10. Sisemi kwamba sheria hiyo ni nzuri katika kila kifungu. Bado ni changa. Nasema tu kwamba mtu akiibiwa Nairobi leo, walau aweza kuuliza: aliyenichukulia ana leseni au hana? Ni swali dogo. Mpwa wangu hakuwa nalo.

Watu wa pamba walipata kulijua jambo hili zamani, pasipo kompyuta. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa waliamini kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakusema mizani isiwepo, wala hawakuacha kuuza pamba. Walisema: nasi tuweke mtu wetu atazame mizani. Kutokana na hilo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likapatikana lile shirikisho la vyama vya Victoria, likiongozwa na Paul Bomani, ambaye baada ya uhuru alipata kuwa Waziri wa Fedha. Mkulima yule hakudai bei isiyobadilika. Alijua kwamba bei ya pamba hupanda na kushuka kwa sababu za Liverpool na Bombay. Alichodai ni kuiona mizani inapobadilika.

Namrudia sasa mpwa wangu na swali lake. Kwa ile nyumba ya bati ambayo hakuijenga kati ya 2019 na 2021, sidhani kwamba ana dai kwa yeyote. Onyo lilikuwa la kweli kwa kadiri ya lilivyosema: lilisema hapana ulinzi, na ulinzi haukuwapo. Kwamba mwenzake alivuka mto mkavu bila kudhurika hakubatilishi habari ya mafuriko. Utii wake haukuwa ujinga, na nimekwisha kumwambia hivyo. Lakini kwa fedha ya msimu wa 2021 ana dai. Sehemu kubwa ni kwa yule mwizi, ambaye hatapatikana. Sehemu ni kwa wote waliokuwa na sauti wakaacha "bado" isisemwe. Na sehemu ni kwangu mimi, niliyempa tafsiri kwa jina la elimu, nami sikuwa na elimu hiyo. Yeye hakunidai kamwe. Hunisalimu shikamoo kama zamani. Msimu uliofuata nilimpelekea fedha ya mbegu na dawa, akaipokea bila kuuliza ni zawadi au ni malipo, nami sikusema.

Nimalizie kwa habari ya mama yangu, bibi yake. Mwaka 2024, mwezi wa Oktoba, Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani, zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zitaondolewa. Wenye nazo wazibadilishe katika benki kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo hazitakuwa fedha tena. Hili nalo lilikuwa neno la kubadili neno, tena kali kuliko lile la sarafu za mtandaoni, maana lilihusu noti ambazo Benki yenyewe ilizitia sahihi. Lakini lilikuwa na mwanzo, mwisho, mahali pa kwenda, na orodha ya kinachohusika. Redio ililisema, mpwa wangu akalisikia, akaenda kumfungulia bibi yake sanduku. Chini ya kanga walikuta noti za zamani zilizokunjwa katika kitambaa, fedha za pamba za enzi za marehemu baba. Wakaenda benki mjini Bariadi mwezi wa Machi, wakapanga foleni, wakahesabiwa noti mpya.

Mama alizigeuza mbele na nyuma, akazitazama kwa muda. Kisha akamuuliza karani aliyekuwa dirishani kama hizi nazo zina tarehe. Karani akacheka. Mama hakucheka, alisimama pale akingoja jibu, mpaka walio nyuma yake katika foleni wakaanza kunung'unika, na mpwa wangu akamshika mkono.